Kitendawili Hewani, Jibu Ukutani

Mjomba wangu alikuwa mtu wa salamu. Walioishi enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam wanajua uzito wa neno hilo. Alinunua kadi za salamu kwa pesa ya mboga, akaketi nje na kalamu, akaandika majina ya ndugu na marafiki mmoja mmoja, tena kwa mwandiko wa kupendeza kuliko ule aliokuwa akimwandikia mama yake barua. Kadi ikaenda posta, kutoka Morogoro mpaka Dar es Salaam. Halafu ikaanza kazi ya kusubiri. Betri za redio zilianikwa juani mapema ili zisije zikafa jioni. Kipindi kikifika, hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukohoa. Na siku jina lake liliposomwa, kabla hata ya wimbo kuanza, majirani walikuwa wamekwisha kufika uani kumpongeza, kana kwamba kapata mtoto.

Nilikuwa na miaka kama 9. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba nilikuwa nikitazama mchezo, tena uliosukwa kwa akili. Ulikuwa na kanuni zake: kadi iwahi, mwandiko usomeke, mchezaji awepo redioni saa ile ile. Ulikuwa na bahati yake na ushindi wake. Na haukukaa mahali pamoja. Ulianzia kwenye karatasi, ukapanda gari la posta, ukaruka hewani, ukaingia masikioni mwa mtaa mzima, ukaishia kwenye kicheko cha uani. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo, mchezo haupo.

Leo naishi Mzinga, upande huu wa magharibi wa milima ya Uluguru, ambako mto unaobeba jina hilo hilo unateremka kwenda kulijaza Bwawa la Mindu linalowanywesha watu wa mjini. Kwa miaka 14 nilitangaza kipindi cha watoto katika kituo kimoja cha redio hapa Morogoro. Sasa kazi yangu ni kubuni michezo ya aina ile ya mjomba: inayochezwa kwa redio, simu, miguu, chaki na midomo ya watu kwa pamoja. Wengi wakiniuliza ninafanya nini huishia kusema, "Aa, michezo ya kwenye simu." Hapana. Naomba nieleze.

Chukua bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Unaweza kulikuta limechongwa kwenye mninga na kung'arishwa na viganja vya wazee. Unaweza kulikuta limechimbwa ardhini chini ya mwembe, kete zake ni komwe au vijiwe. Siku hizi lipo hata ndani ya simu janja. Vyombo vitatu, lakini bao ni lile lile: namua ni namua, mtaji ni mtaji. Huo ni mchezo mmoja uliohamishwa kutoka chombo hiki kwenda kile, na kampuni kubwa za dunia hufanya hivyo kila siku, mtu akacheza kwenye kompyuta ofisini na kuendelea kwenye simu ndani ya basi.

Ninaouzungumzia mimi ni mwingine. Huu umegawanywa. Kipande kiko redioni, kipande kiko kwenye simu, kipande kiko sokoni, na hakuna chombo hata kimoja chenye mchezo wote. Mchezaji ndiye anayeviunganisha kwa kwenda kutoka kimoja hadi kingine. Ugumu wa ubunifu wake wote uko hapo pa kuunganisha. Mama yangu alikuwa fundi cherehani, na alikuwa akituambia tulipokuwa tukimsaidia kupiga pasi: kitambaa hakichaniki katikati, nguo huachia kwenye mshono. Michezo yangu yote iliyokufa, na imekufa mingi, imefia kwenye mshono.

Nitoe mfano wa watu waliowahi kushona vizuri hapa kwetu. Mwaka 2014 watoto wa Tanzania walianza kuona TBC1 katuni ya Ubongo Kids, iliyotengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo. Kibena na wenzake wanakutana na tatizo la hesabu, wanaimba, wanakosea, wanajaribu tena. Kisha swali linamgeukia mtazamaji: chagua jibu, tuma kwa meseji. Simu ya kawaida kabisa, kitochi, ilitosha, na meseji ya kumjibu mtoto ilikuja kwa sauti ya wale wale wahusika wa katuni, wakimpongeza au kumpa moyo. Tazama kilichofanyika hapo. Televisheni inaweza kuonyesha lakini haiwezi kusikia. Kitochi hakiwezi kuonyesha katuni lakini kinaweza kupeleka na kuleta jibu. Kila kimoja kimeazima kwa mwenzake kile ambacho hakina.

Wakenya nao, kuanzia mwaka 2010, waliijenga Shujaaz kuzunguka kijana mmoja wa kubuni, DJ B, anayerusha redio yake ya siri kutoka chumbani. Alikuwepo kwenye kitabu cha katuni kilichosambazwa ndani ya gazeti, alikuwepo kwenye stesheni za redio, alikuwepo kwenye Facebook, na ukimwandikia anakujibu, yeye mwenyewe, kwa Sheng yake ile ile. Shujaaz ni hadithi zaidi ya mchezo, lakini nimejifunza kwao jambo ambalo mama angeliita uzi. Mishono inaweza kuwa mingi, uzi uwe mmoja. Mtoto akitoka redioni akaenda ukutani, amkute mtu yule yule anayemjua. Ndiyo maana katika mchezo wangu nitakaousimulia hapa chini sauti ya redioni, meseji na maandishi ya chaki vyote vinasainiwa jina moja, na vyote vinaongea kwa lafudhi moja.

Mbali na kwetu kuna mfano mwingine ninaoupenda kwa sababu ya jina la nilipohamia. Mwaka 2004 Marekani, watu waliofungua tovuti ya I Love Bees walidhani wamefika kwa mfugaji wa nyuki anayeuza asali. Lakini kurasa zilikuwa zimevurugika, zikitoa maneno ya ajabu na orodha ya mahali na saa. Waliochukua hatua ya kufuatilia waligundua kwamba ni mahali penye simu za barabarani zile za kulipia. Wakaenda, wakasimama, na saa ilipofika simu zikalia. Kila aliyepokea alisikia kipande kidogo tu cha hadithi. Ilibidi maelfu ya watu wasiojuana walete vipande vyao pamoja ili hadithi isikike. Ulikuwa mchezo wa kuutangaza mchezo mwingine wa kompyuta, Halo 2, lakini mimi naukumbuka kama mzinga hasa: kila nyuki na tone lake.

Sasa nije kwetu.

Katika kipindi changu nilikuwa natega vitendawili. Nasema "Kitendawili!", natulia sekunde 2, kisha naitikia mwenyewe "Tega!" kwa sauti ya kitoto, maana redio haina masikio. Jioni moja kipindi kilikuwa kimerekodiwa, nami nilikuwa kwa jirani nikinywa chai. Watoto sita walikaa chini kuizunguka redio. Sauti yangu ikasema "Kitendawili!" Wote sita wakapaza, "Tega!" Wakafanya hivyo wakiitazama redio usoni, na mdogo wao aliipungia mkono. Kisha sauti yangu ya bandia ikajibu juu yao, ikawafunika. Chai ilinishinda. Kwa miaka yote ile watoto walikuwa wananiitikia, na mimi nilikuwa nawazima kwa sauti ya uongo.

Nikatafuta namna ya redio kusikia "Tega". Jibu lilikuwa mfukoni mwa kila Mtanzania: bipu. Sisi ni taifa la kubipu. Bipu moja maana yake nimefika, mbili maana yake nipigie, na haikugharimu kitu kwa sababu simu haikupokelewa. Shirika la Farm Radio International, lenye kazi nyingi na wakulima wa nchi hii, limekwisha kutumia bipu kuwapigisha kura wasikilizaji. Mimi nikaifanya bipu kuwa "Tega". Nikisema "Kitendawili!" hewani, watoto wanabipu namba ya kipindi. Kompyuta ndogo iliyotengenezewa programu na mwanafunzi mmoja wa chuo inazihesabu, nami nazisoma: "Nimesikia tega 11… 19… 30, haya natega!" Wiki ya kwanza zilikuwa 43. Nililia hewani, sikuficha.

Wasomaji mnajua kinachofuata mtu akishindwa kitendawili: "Nipe mji." Mshindwa anataja mji, mtegaji anakwenda huko kwa maneno, anakula, anarudi na jibu. Wazee wetu waliweka dau ndani ya mchezo bila senti hata moja. Nikaliazima. Mwenye duka mmoja hapa Mzinga alinipa ukuta wake wa ubavuni, tukauchora ramani ya Uluguru: vilele vya Lupanga na Bondwa juu, na vijiji na miji midogo ya milimani, Mgeta, Nyandira, Bunduki, Kinole, Matombo na mingineyo. Kila wiki kitendawili kimoja, mji mmoja. Watoto wakifumbua, mji unapakwa bluu, ni wao. Wakishindwa, wananipa mji, nami napaka chokaa juu yake mbele ya macho yao.

Mchezo ukaenda hivi. Ijumaa jioni kitendawili kinategwa redioni. Cha kwanza nilikitunga mwenyewe: "Nimetoka Mgeta nimevaa kanzu kumi, nimefika sokoni wananivua moja moja." Jibu ni kabichi, na kila mwenye akili atalipata. Lakini jibu peke yake halitoshi. Mtoto aende kwenye genge la mboga, amsalimie muuzaji, amuulize kabichi yake imetoka wapi na imepanda gari gani. Muuzaji akisalimiwa vizuri, anamwonyesha herufi iliyoandikwa kwa chaki chini ya meza. Herufi na jibu vinatumwa kwa meseji. Jumapili jioni ukuta unapakwa rangi.

Masikio, miguu, mdomo, jicho, kidole gumba, ukuta. Mishono mitano. Yote mitano iliachia.

Wa kwanza ulikuwa wakati. Redio haisubiri mtu. Ikishasema imesema, na kama umeme ulikatika Mzinga saa 11 jioni, kwa mtoto yule kitendawili hakijawahi kutegwa. Meseji ni tofauti: simu ikiwa imezimwa, meseji hukaa kwenye mitambo ya mtandao ikingoja mpaka iwashwe. Ukuta nao haujui saa, upo asubuhi na jioni mpaka mvua iufikie. Kuna pia zile menyu za nyota na reli tunazotumia kutuma pesa. Nazo hufanya kazi kwenye kitochi bila intaneti, lakini ni maongezi ya ana kwa ana na mtambo, ukichelewa kidogo kubonyeza inakukatia na unaanza upya. Nilishawishika kuzitumia nikaacha, kwa sababu mtoto wa miaka 8 husoma polepole na mtambo hauna subira ya mwalimu. Kwa hiyo tukafanya hivi: kilichosemwa na redio Ijumaa kiandikwe ukutani Jumamosi asubuhi, na aliyebipu aletewe meseji yenye kitendawili kizima. Meseji moja ina herufi 160. Kutunga kitendawili kitamu kinachoenea humo pamoja na maelekezo ni kazi ngumu kuliko kutunga kipindi cha nusu saa.

Wa pili ulikuwa simu yenyewe. Tunapozungumza juu ya simu tunasahau kuuliza ni ya nani. Katika nyumba nyingi za mtaani kwangu simu ni ya baba, na baba ni bodaboda, anarudi saa 3 usiku. Mtoto amefumbua saa 11, ana herufi yake kichwani, na mlango wa mchezo umefungwa kwa saa nne. Anapolala anasahau. Kosa lilikuwa langu, nilibuni kana kwamba kila mtoto ana mfuko wenye simu. Tangu hapo naanza kubuni kwa kukiuliza chombo hafifu kuliko vyote ndani ya nyumba: wewe unaweza nini, na saa ngapi upo? Vingine vyote vinapangwa kukifuata hicho.

Wa tatu nilifundishwa na panya. Pale chuo kikuu cha SUA, kilometa chache kutoka kwangu, shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini na, baadaye, vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Magawa, panya aliyezaliwa hapa Morogoro, alikwenda Kambodia akagundua mabomu ya ardhini 71 kwa jumla, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu kutoka Uingereza. Nilipata bahati ya kutazama mafunzo. Panya akinusa sawasawa, mkufunzi anabonyeza kidude kinachotoa mlio mdogo, "klik", papo hapo, ndipo ndizi inafuata. Niliuliza kwa nini wasimpe ndizi tu. Nikaelezwa kwamba ndizi huchelewa. Katika sekunde zile panya atakuwa amekwisha kugeuka na kujikuna, naye ataona amelipwa kwa kujikuna. Mlio ndio unaomwambia: hilo hasa, sasa hivi.

Mimi nilikuwa sina klik. Watoto walituma majibu Jumamosi asubuhi nami nikakaa usiku na daftari nikiwajibu mmoja mmoja. Asiyejibiwa alidhani haikufika, akatuma tena, na tena. Jumapili baba mmoja alinisimamisha njiani akiwa kwenye pikipiki. "Dada yangu, samahani. Mtoto amemaliza vocha yangu yote kwenye kabichi yako." Alisema kwa upole, na ndio uliozidi kuniumiza. Tukabadilisha: hata jibu linaanza kwa bipu, mtambo unakata simu na kumletea mtoto swali, gharama ikibaki upande wetu, na akijibu anapata neno "Nimekusikia" ndani ya dakika ile ile. Hukumu ya amepata au amekosa inaweza kungoja Jumapili. Kusikiwa hakungoji.

Wa nne ulikuwa usalama, na hapa sitafanya mzaha. Kitendawili cha wiki ya tatu kilihusu maji. Sikumtuma mtoto yeyote mtoni, nilidhani wataishia daraja la barabarani ambako chaki ilikuwa. Lakini mtoto akisikia "maji" huenda kwenye maji, na ulikuwa mwezi wa Aprili, Mto Mzinga umejaa. Mama mmoja alimkuta mwanawe kwenye ukingo ameshika fimbo anapekua majani. Alikuja nyumbani kwangu akiwa bado na matope miguuni. Maneno aliyoniambia yalikuwa ya haki. Nilikifuta kitendawili kile siku ile ile, redio ikatangaza mara tatu. Tangu hapo kabla ya kutega natembea njia nzima kwa miguu yangu, saa ile ile atakayopita mtoto, na kila kituo cha mchezo lazima kiwe na mtu mzima aliyekubali kuwepo: muuza mboga, fundi viatu, mama lishe. Mbunifu anayekaa mbele ya skrini anaweza kusahau kwamba mchezo ukishatoka nje ya skrini unakanyaga ardhi ya kweli.

Wa tano sikuutarajia kabisa: walikuwa hodari mno. Kabichi niliyoipangia siku mbili ilifumbuliwa kwa dakika 40. Mtoto mmoja alimuuliza fundi baiskeli, fundi baiskeli akamwambia kila aliyekuja kujaza upepo, na mpaka magharibi mtaa mzima ulikuwa na herufi. Nilikasirika, nikaona wameiba. Baadaye nilisoma habari za mchezo wa mwaka 2001 uliotengenezwa kwa ajili ya filamu ya Steven Spielberg, A.I. Ulianza na jina moja tu lililofichwa kwenye tangazo la filamu, ukasambaa kwenye tovuti, simu na barua pepe. Watengenezaji walikuwa wameandaa mafumbo ya kutosha muda mrefu, wakashtuka kuona wachezaji waliojikusanya pamoja mtandaoni wakiyala kwa kasi isiyofikirika. Ikabidi watunge usiku na mchana. Basi si Mzinga tu. Watu wakiwa wengi huwa na kichwa kimoja kikubwa, na fundi baiskeli ndiye mtandao wetu. Nikaacha kupigana naye. Vitendawili vilivyofuata nilivigawa: mitaa ya juu inapata nusu, ya bondeni inapata nusu, na nusu hizo hazina maana mpaka zikutane kwa fundi.

Kuna kosa moja nililifanya kwa kujiona wa kisasa. Wiki ya nne nilifungua kundi la WhatsApp ili wenye simu janja wapeleke picha. Siku mbili tu, mchezo ukagawanyika. Wenye bando walipiga picha ukuta, wakatumiana picha za herufi, wakamaliza mchezo wakiwa kitandani. Wenye kitochi walitembea kwenye jua kwenda kukuta kila kitu kimekwisha. Binti mmoja akaniambia, "Anti, sisi tunacheza mchezo wa jana."

Sikulifunga kundi, nililipa kazi nyingine. Tangu wiki ile mwenye simu janja hana kidokezo chochote ambacho mwenye kitochi hana. Kazi yake ni kuleta kile ambacho wengine hawawezi kukileta: akarekodi sauti ya bibi yake akitega kitendawili cha zamani, tuirushe redioni Ijumaa. Sauti zilikuja. Zilikuja sauti za mabibi waliozaliwa Nyandira na Kinole, na babu mmoja ambaye alitega kwa Kiluguru, mjukuu wake akatafsiri huku akicheka. Kwa mara ya kwanza mtoto mwenye redio ya betri alikuwa anamhitaji mwenye simu janja, na mwenye simu janja hakuwa na mahali pa kuisikia sauti ya bibi yake ikirushwa kwa mji mzima ila kwenye redio ile. Hiki ndicho ninachokitafuta katika kila mchezo ninaobuni, na nikikikosa nauvunja naanza upya: vyombo vihitajiane, ili watu wake nao wahitajiane. Ukiona chombo kimoja kinaweza kuumaliza mchezo peke yake, jua kwamba wasio nacho umekwisha kuwafukuza, hata kama hukukusudia.

Zawadi? Nimeulizwa sana. Hakuna pesa katika mchezo wangu na haitakuwapo. Ufundi huu wa kuunganisha redio, namba ya simu na pochi ya simu unajulikana vizuri na wachezesha bahati nasibu, na mshono wao hauachii kamwe: unasikia tangazo, unabonyeza, pesa imekwenda kabla wimbo haujaisha. Kwa mtu mzima ni hiari yake. Mimi nashughulika na watoto wanaotumia simu za wazazi, na siwezi kuwazoesha kwamba kubonyeza ni kulipa. Zawadi yangu niliirithi kwa mjomba: jina lako linasomwa redioni, polepole, pamoja na mtaa wako.

Na ni hayo majina yaliyonirudisha kwenye daftari.

Kila mchezo wa vyombo vingi lazima uwe na mahali pamoja panapokumbuka. Kwa kampuni kubwa ni seva. Kwangu ni daftari la kurasa 96 lenye mistari, ambalo kompyuta hulijazia hesabu na mimi huliandika kwa mkono. Nani amebipu, nani amejibu, mji gani umekombolewa. Tulipomaliza msimu wa kwanza, miji mitano kati ya minane ilikuwa ya bluu, na daftari lilikuwa na namba za simu 61. Nikaenda kuyasoma majina ya wenye namba hizo Jumapili ya mwisho pale dukani, tukiwa na ndoo ya rangi na watoto wameujaza uwanja.

Nikaona wako wengi kuliko 61. Karibu mara mbili.

Alikuwepo mvulana mmoja wa miaka kama 10 ambaye nilikuwa nikimwona kila Jumamosi kwenye ukuta. Kwao hakuna simu wala redio. Ijumaa alisimama chini ya dirisha la jirani kusikiliza. Kisha yeye ndiye aliyekimbia kutoka mtaa wa juu kwenda wa bondeni akibeba nusu kichwani, yeye ndiye ambaye muuza mboga alimzoea kuliko wote, na majibu yake yalitumwa kwa simu za watoto wengine watatu. Mishono yote niliyoieleza, kwa sehemu kubwa, ilishikwa na miguu yake. Katika daftari langu hakuwemo, kwa sababu daftari langu lilikuwa na safu inayoitwa "Namba ya simu", na aliyekosa cha kuandika hapo hakuwa mchezaji.

Nilipomaliza kusoma alinifuata pembeni. "Shikamoo anti."

"Marahaba."

"Mji wa Kinole niliukomboa mimi."

"Najua, baba."

"Hujasema."

Niliingia dukani nikanunua daftari jipya. Nikachora mistari kwa rula ya mwenye duka: Jina. Mtaa. Unasikiliza kwa nani. Umempelekea nani. Nikampa kalamu. Akauliza kama aandike jina la mwenye dirisha pia, maana bila yeye asingesikia kitu. Nikamwambia aandike. Akaandika la kwake kwanza, kwa herufi kubwa, akashuka mstari, akaandika la jirani, kisha akanyanyua kichwa kuuliza fundi baiskeli anaandikwaje.